Lami ya Mezani: Barabara ya 1:64 Inayochakaa Kama Barabara

Kosa la kwanza la karibu kila barabara ya mezani ni rangi nyeusi. Mtu anachukua ubao, anaupaka weusi wa masizi, anapiga mstari mweupe pepepe katikati kwa rula, anaweka gari lake dogo juu, halafu anashangaa mbona kila kitu kinafanana na sanduku la mwanasesere. Lami nyeusi ipo, lakini ni ya muda mfupi baada ya mkandarasi kukusanya mitambo yake. Jua linaipausha bitumini, matairi yanaila, kokoto zilizofunikwa zinatokeza, na barabara inageuka kijivu. Baada ya hapo kinachobaki ni kazi ya maji na magurudumu. Kila doa, kila ufa, kila shimo limeletwa na mojawapo ya hivyo viwili, na limekaa pale lilipo kwa sababu. Ukiijua sababu, utajua pa kuliweka. Usipoijua, utatawanya mashimo kama mtu anayenyunyiza chumvi, na jicho la mtazamaji litagundua uongo hata kama hawezi kueleza umekaa wapi.

Barabara zinazozungumziwa hapa ni za michezo ya vita ya mezani inayochezwa kwa magari madogo ya chuma, yale ya Hot Wheels na Matchbox. Gaslands, mchezo uliotoka mwaka 2017, ndio uliowarudisha wengi kwenye magari hayo: unanunua gari la kawaida la kuchezea, unalibandika bunduki na mabati, unaingia vitani. Michezo mingi ya aina hii huwaza jangwa la Marekani. Hapa tunajenga barabara kuu ya Tanzania ya kati, tuseme ya Dodoma kwenda Singida: njia mbili, bega la changarawe kila upande, udongo mwekundu, nyasi zilizokauka. Faida yake ni kwamba ukikwama usijue kitu fulani kina rangi gani, unatoka nje ukakitazame.

Vipimo, na mahali pa kudanganya

Katika skeli ya 1:64 unachukua kipimo halisi kwa milimita na kukigawa kwa 64. Barabara ya lami yenye upana wa mita 6.5 inakuwa milimita 102. Bega la mita 1.5 linakuwa milimita 23. Gari la mita 4.5 linakuwa milimita 70, na ndivyo yalivyo magari mengi ya dukani. Mengi, si yote: watengenezaji hulipima gari kwa ukubwa wa pakiti, kwa hiyo lori na gari dogo hutoka na urefu unaokaribiana. Usijisumbue kuisahihisha barabara kwa ajili ya lori. Chagua magari.

Milimita 102 ni sahihi kwa rula na ni balaa kwa mchezo. Gari lina upana wa karibu milimita 30. Magari matatu yakikaa sambamba kwenye lami hiyo hayaachi hata nafasi ya kidole, na katika Gaslands unahitaji kulaza kiolezo cha mwendo, kile kipande bapa kinachoonyesha njia ya gari, mbele ya gari bila kusukuma la jirani. Panua lami iwe milimita 130. Hakuna atakayeona, maana jicho linapima barabara kwa gari lililo juu yake, na gari lenyewe halifuati skeli kikamilifu. Bega liwe milimita 25, na nje yake ukingo wa nyasi wa milimita 30. Jumla: 30, 25, 130, 25, 30, yaani milimita 240.

Namba hiyo haikuja yenyewe. Shiti ya MDF, ule ubao wa kiwandani, ina milimita 1220 kwa 2440. Vipande vitano vya milimita 240 vinaingia kwenye 1220 na kuacha milimita 20 za kuliwa na msumeno. Ukisema 250 unapoteza safu nzima. Kwa urefu, kata milimita 400: vinaingia sita. Shiti moja inatoa vipande 30, vingi kuliko mahitaji ya meza yoyote ya nyumbani, kwa hiyo nunua nusu shiti au gawana na mwenzako. Chukua unene wa milimita 3. Waambie wakukatie kwa mashine palepale unaponunua, kwa sababu kingo zisipokuwa na pembe mraba, viungo vya barabara vitaacha mwanya wenye umbo la kabari na hakuna rangi itakayouficha.

Kona ni mahali pengine pa kudanganya. Kona halisi ya barabara kuu yenye nusu kipenyo cha mita 100 ingekuwa na sentimita 156 mezani, yaani karibu meza nzima. Kata mraba wa milimita 420, piga msumari mdogo kwenye pembe moja, funga uzi na penseli, uchore matao ya milimita 180, 210, 235, 365, 390 na 420. Hizo ni kingo, mabega na lami kwa vipimo vilevile vya vipande vilivyonyooka, kwa hiyo vitaungana bila ugomvi. Kwa hesabu halisi hiyo ni kona ya mita 19 tu, kali kama ya kuingia uani kwa mtu. Mezani inakubalika.

Kwa kuanzia vipande 12 vinatosha: sita vilivyonyooka, kona nne, njia panda moja, na kimoja chenye tuta. Kabla ya kazi nyingine, kata kiolezo cha hadibodi chenye alama za 30, 25, 130, 25 na 30, na ukitumie kwenye kila ncha ya kila kipande. Usipime upya kwa rula kila mara. Makosa ya nusu milimita hujumlishana.

Ubao hupinda, na hupinda kwa sababu

MDF ni nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa na gundi. Ukiipaka kitu chenye maji upande mmoja, upande huo unavimba kwanza, kisha kile ulichopaka kinasinyaa kikikauka na kuuvuta ubao ujikunje kama chapati ya jana. Dawa ni kuziba pande zote mbili na kingo zote nne kabla ya kuanza: gundi nyeupe ya mbao na maji, nusu kwa nusu, mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, au mkono mmoja wa praima ya mafuta kama unayo. Kingo zinanywa kuliko uso. Zirudie mara ya tatu. Kausha vipande vikiwa juu ya vijiti ili hewa ipite chini, si juu ya gazeti.

Kipande kikipinda baada ya hapo, lowanisha kidogo upande uliobonyea kwa sponji, kilaze juu ya sakafu tambarare na ukiwekee mifuko miwili ya unga kwa saa 24. Mara nyingi kinatii.

Kuna wanaopenda styrofoamu ya kwenye maboksi ya televisheni kwa kuwa ni ya bure. Inafaa kwa milima na miamba, haifai kwa barabara: inabonyea, na rangi ya kopo la kupuliza inaiyeyusha mpaka inabaki mashimo kama jibini. Supaglu nayo inaila. Ukilazimika kuitumia, ifunike kwanza kwa gundi nyeupe mikono miwili, kila pembe.

Kumwaga lami

Njia inayojulikana zaidi ni kubandika msasa. Ni ya haraka, na kuna hesabu ya kuvutia ndani yake: kokoto ya lami ya milimita 14 kwenye skeli yetu ni milimita 0.2, ambayo ni karibu sawa na punje za msasa namba 80. Lakini kokoto za barabarani zimelazwa na tairi, hazisimami kama meno, hivyo namba 80 inaonekana kama barabara ya mawe. Namba 180 ndiyo inayolidanganya jicho vizuri. Ubaya wa msasa ni mbili: karatasi moja ina takriban sentimita 23 kwa 28, kwa hiyo kipande cha sentimita 40 lazima kiwe na kiungo, na msasa unabaki kuwa msasa. Unakwangua rangi ya gari kila linaposukumwa.

Lami ya kupaka ni bora. Kwa vipande 12 changanya hivi, kwa kikombe cha mililita 250:

vikombe 2 vya puti ya ukutani iliyokwisha kuchanganywa,
nusu kikombe cha mchanga mkavu uliopitishwa kwenye chujio la chai, kisha kwenye soksi ya nailoni,
nusu kikombe cha gundi nyeupe ya mbao,
nusu kikombe cha rangi ya maji ya kijivu iliyokolea.

Mchanganyiko uwe mzito kama uji wa mgonjwa anayeanza kupona: unaanguka kutoka kijikoni kwa mabonge, haumiminiki. Gundi ndiyo inayoufanya unyumbuke pamoja na ubao. Ukiipunguza ili kubana matumizi, lami itapasuka mahali ambapo hukutaka. Rangi ndani ya mchanganyiko ni bima: siku kipande kikigonga ukingo wa meza, pale panapochubuka patakuwa kijivu badala ya nyeupe.

Unene unaotakiwa ni milimita 1, sawa na sentimita 6.4 za kweli. Bandika kwa tepu ya karatasi vipande viwili vya kadibodi yenye unene wa milimita 1, kimoja kila upande wa zile milimita 130. Mwaga lami katikati, kisha vuta rula ya chuma juu ya kadibodi zote mbili kutoka ncha hadi ncha, kama fundi anavyokata plasta. Mara moja, bila kusita katikati; ukisita utaacha mgongo. Ondoa kadibodi wakati lami bado mbichi. Subiri dakika 20 hivi, mpaka ukiigusa haishiki kidole, halafu igonge polepole kwa sponji kavu ili kuua mistari ya rula. Saa 24 za kukauka, zaidi wakati wa masika.

Usiweke mwinuko katikati ya barabara. Barabara halisi imeinuka katikati ili maji yateremke pande zote, na mtu anayejua atataka kuuiga. Magurudumu ya Hot Wheels yametengenezwa yateleze. Kwenye mteremko mdogo sana gari litaondoka lenyewe kuelekea mtaroni katikati ya zamu ya mpinzani wako, na hapo ugomvi unaanza. Mwinuko huo tutauigiza kwa vumbi: litakusanyika pembeni, katikati patakuwa safi, na jicho litajaza lililobaki.

Kingo, nyufa na mashimo

Hapa ndipo penye utamu wa kazi, na hapa usiharakishe.

Anza na ukingo wa lami. Lami inakufa kutokea pembeni. Gari linapolipisha lori, gurudumu la kushoto linashuka kwenye changarawe na kurudi juu, na kila likirudi linamega kipande. Chukua kisu cha kukatia karatasi na umege ukingo ulionyooka kwa mitafuno midogo ya milimita 2 hadi 5 kuingia ndani, isiyolingana. Baadhi ya sehemu ziache bila kuguswa kwa sentimita 10 nzima. Kinachosaliti kazi ya mkono ni mitafuno iliyopangana kama meno ya msumeno. Mahali pa kumega sana ni upande wa ndani wa kona, mbele ya kituo cha basi, na pale njia ya vumbi inapoingia barabarani.

Nyufa ziko za namna tatu na kila moja ina makazi yake. Ule wa kwenda sambamba na barabara hukaa karibu na ukingo, pale bega linapozama. Ule wa kukatiza hutokea juu ya kalvati au pale bomba lilipopitishwa chini. Zile zinazofanana na ngozi ya mamba hukaa kwenye njia ya magurudumu na si kwingine, kwa sababu ni uchovu: lami imekunjwa na uzito mara nyingi mpaka imekatika. Nyufa mbili za kwanza zichore kwa ncha ya sindano nene, ukitetemesha mkono kidogo na kuinua sindano hapa na pale ili ufa ukatike na kuanza tena. Ngozi ya mamba ipate kwa gundi: paka gundi nyeupe kwa unene mdogo kwenye doa la sentimita 3 kwa 2, subiri mpaka inate bila kulowanisha kidole, kisha funika kwa rangi ya maji ya kijivu kwa mpigo mmoja wa brashi. Rangi inakauka kabla ya gundi, gundi inasinyaa, rangi inapasuka. Gundi nene inatoa mapande makubwa. Unayataka ya milimita 2 hadi 4. Ukirudia brashi juu ya rangi iliyoanza kukauka unaharibu yote. Jaribu kwanza kwenye kipande cha taka.

Shimo ni mtoto wa ngozi ya mamba. Maji yanaingia kwenye nyufa, yanalainisha kifusi cha chini, lori linapita, mapande yanang'oka. Kwa hiyo shimo lichimbe ndani ya doa la nyufa au pembeni yake. Kata kwa ncha ya kisu mpaka kwenye ubao, kuta zikiwa wima, umbo kama yai lililolala kufuata uelekeo wa magari. Milimita 8 hadi 15 zinatosha. Shimo la milimita 15 ni karibu mita nzima barabarani. Ndani weka udongo mwekundu, na mbele ya shimo, upande ambao magari yanaelekea, tawanya punje chache za kokoto zilizotolewa. Hapo lazima uamue magari yanaelekea wapi. Tanzania, Kenya na Uganda zinaendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo kulia. Alama za breki, kokoto za mashimo, madoa ya mafuta, vyote vitafuata uamuzi huo. Ukikosea uelekeo wa njia moja, kokoto zitakuwa nyuma ya shimo.

Kiraka ni kinyume cha shimo: mkono wa binadamu, kwa hiyo kimenyooka. Kata mstatili wa karatasi nzito, ubandike, uupake lami nyembamba kwa sponji, na baadaye uupe rangi iliyokolea kuliko jirani zake, maana ni mpya. Kiraka kimoja kilichobonyea, na shimo jipya lililozaliwa kwenye ukingo wake, kinaeleza hali ya bajeti ya barabara kuliko mashimo kumi.

Kwenye mlima, kama kule Kitonga, njia ya kupanda ndiyo inayoumia: malori yaliyopakia yanakwenda taratibu, lami imelainika kwa joto, magurudumu yanachimba mifereji miwili. Ukitaka kuuiga mfereji huo, kokota kijiko cha chai kinyumenyume juu ya lami kabla haijakauka. Kina cha nusu milimita kinatosha.

Rangi

Anza na rangi nyeupe ya maji na uongeze nyeusi kwa matone, si kinyume chake. Nyeusi ina nguvu na utamaliza kopo ukiikimbiza. Simama ukifika kijivu cha jivu lililolowa. Ongeza kahawia kidogo, robo kijiko kwa kikombe, ili kijivu kisiwe cha chuma. Paka kipande chote cha lami. Kikikauka, chukua brashi pana, ichovye kwenye kijivu chepesi kama jivu kavu, ifute kwenye gazeti mpaka ionekane haina kitu, kisha ipitishe juu juu kufuata urefu wa barabara. Punje za mchanga zitashika rangi na mabonde yatabaki. Kufuata urefu, si kukatiza. Magari hayakatizi.

Kila njia sasa ina mistari mitatu isiyoonekana ukiitafuta lakini ikikosekana unaijua. Miwili ni njia ya magurudumu, kila mmoja upana wa milimita 9 hivi, kutoka katikati ya mmoja hadi katikati ya mwingine milimita 28; hiyo imesuguliwa, ipe kijivu chepesi. Wa tatu uko katikati yao, mweusi kidogo, ni mafuta yanayodondoka kutoka kwenye injini. Usugue kwa unga wa mkaa na brashi laini. Ukolee zaidi pale magari yanaposimama: kabla ya tuta, kwenye njia panda, kituoni.

Mistari ya barabara inahitaji subira. Kwenye kipande cha milimita 400 panga hivi: nafasi 75, mstari 50, nafasi 150, mstari 50, nafasi 75. Kwa mpangilio huo kipande chochote kinaungana na chochote, kwa ncha yoyote. Kwenye kona weka mstari mzima usiokatika. Ndivyo barabara zinavyokataza kulipita gari la mbele kwenye kona, na wewe unaepuka kugawa tao la milimita 471. Anayetaka barabara ya Marekani, mstari uliokatika kule ni futi 10 na nafasi futi 30, yaani milimita 48 na 143, njia moja futi 12, milimita 57, na mstari unaotenganisha magari yanayokutana ni wa njano.

Mstari wa sentimita 10 unakuwa milimita 1.6. Upe 2. Kiolezo bora cha kupakia ni filamu ya zamani ya eksirei: ni nyembamba, haichaniki, inaoshwa. Kata tundu kwa wembe na rula ya chuma. Usitumie brashi yenye maji. Chukua sponji, ichovye kwenye nyeupe iliyochafuliwa kwa kijivu kidogo, ifute, igonge wima. Rangi ikipenya chini ya kiolezo, sponji yako ilikuwa na maji. Kwa mistari mirefu ya pembeni tumia tepu ya karatasi, na kabla ya kupaka nyeupe ziba kingo za tepu kwa ile rangi ya lami: kitakachopenya kitakuwa kijivu juu ya kijivu. Vua tepu kabla rangi haijakauka kabisa, ukiikunja kurudi nyuma. Mwisho chukua msasa namba 400 na uisugue mistari pale magurudumu yanapoikanyaga. Kwenye kona, mstari wa kati uko karibu kufutika. Ukingo ulipomegwa, mstari wa pembeni unaondoka nao. Usiuruke ukauchora kwenye changarawe.

Matuta na rasta. Tuta la sentimita 10 ni milimita 1.6, lenye upana wa mita 4 ni milimita 62. Mwinuko hafifu ambao gari halitelezi juu yake ukilisimamisha katikati. Rasta, ile mistari iliyoinuka kidogo ya kutikisa gari, ni rahisi kuliko zote: karatasi ya kawaida ya printa ina unene wa milimita 0.1, mbili zilizobandikwa pamoja ni sawa na milimita 13 za kweli. Kata vipande vya upana wa milimita 3, bandika vitano sambamba, paka nyeupe, sugua katikati.

Udongo na nyasi

Udongo halisi hauna mshindani, mradi uupike. Uweke kwenye sufuria kavu, moto mdogo, dakika 15 ukikoroga. Humo mna mayai ya wadudu na mbegu, na vitaamka chini ya gundi. Uchekeche mara mbili: unga laini wa kuwekea vumbi, na mabaki ya milimita nusu hadi moja ya changarawe ya bega. Bega lipake gundi, mwaga changarawe, bonyeza, kung'uta. Kisha nyunyizia gundi moja kwa maji matatu, yenye tone la sabuni ya vyombo. Bila sabuni matone yatakaa juu ya vumbi kama shanga na kuchimba mashimo. Udongo ukilowa unakolea. Usiingiwe na hofu, ukikauka unarudi karibu na rangi yake ya kwanza, ila si kabisa. Kwa hiyo chagua udongo mwepesi kidogo kuliko unaoutaka.

Nyasi ni katani. Kata kamba ya mkonge vipande vya milimita 8, ikung'ute nyuzi ziachane, chukua kishungi, chovya mwisho kwenye gundi, kisimamishe. Rangi yake ya asili ndiyo hasa rangi ya nyasi za Septemba kule kati, usiipake kijani. Weka nyasi nyingi pale mtaro ulipo, maana maji ya barabara yanakwenda huko, na chache begani. Majani ya chai yaliyotumika yanafaa kama takataka za majani, ila yakaushwe juani siku mbili, vinginevyo yataota ukungu ndani ya boksi. Gundi ya unga wa ngano usiitumie popote. Mende wataila barabara yako.

Funga kazi kwa vanishi isiyong'aa, mikono miwili myembamba. Ile ya kupuliza usiipulize siku yenye unyevu mwingi: itakauka na ukungu mweupe, na watu wa Tanga, Mombasa na Dar wanajua ni siku ngapi za mwaka zinabaki. Puliza saa nane mchana, siku ya jua, au tumia ya kupaka. Vanishi inameza karibu nusu ya vumbi na mkaa ulioweka, basi weka mara mbili ya unavyodhani, na bakiza vumbi kidogo la kusugua pembeni baada ya vanishi.

Vya pembeni

Chochote kinachosimama kisibandikwe kwenye barabara. Kiolezo cha mwendo lazima kilale tambarare, na nguzo iliyogundishwa itavunjika mchezo wa kwanza. Weka kila kitu juu ya kitako chake cha sarafu au washa ya chuma, ile pete ya bolti. Nguzo ya umeme ya mita 10 ni kijiti cha mishikaki cha milimita 156: unene wake wa milimita 3 ni sawa na sentimita 19, hukihitaji kingine. Pipa la lita 200 ni kijiti kinene cha milimita 9, urefu 14. Kizuizi cha chuma cha kwenye kona kinatoka kwenye kopo la soda: kata ukanda wa milimita 5, ulaze juu ya daftari, pitisha kalamu ya wino kwa nguvu mara mbili kufuata urefu ili upate mifereji miwili, bandika nguzo kila milimita 30, ncha ya juu iwe milimita 11 kutoka chini. Kingo za kopo ni wembe. Zisugue kwa msasa kabla mtoto hajazishika.

Na nyumba. Duka la vocha, gereji ya pancha, kibanda cha chipsi, vyote vinapendeza karibu na lami, na karibu kila mtu anavisogeza mpaka begani kwa sababu meza ni ndogo. Hifadhi ya barabara kuu Tanzania ni mita 30 kila upande kutoka katikati, sawa na sentimita 47 mezani. Usizisogeze mbali. Chukua brashi nyembamba ya namba sifuri, rangi nyekundu, na kwenye ukuta unaotazama barabara chora X yenye urefu wa milimita 8, kwa haraka, rangi ikichuruzika kidogo chini ya miguu yake.